Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nyumba, biashara au kiwanja kilichotangulia kanuni za kanda

Ukurasa huu unamhusu mtu mwenye nyumba, duka, gereji au kiwanja katika mji wa Marekani, ambaye ameambiwa na ofisi ya mipango miji kwamba mali yake hailingani na kanda ilimo. Kanuni za kanda, yaani zile zinazougawa mji katika maeneo na kusema nini kinaruhusiwa katika kila moja, hutungwa na mji au kaunti kwa mamlaka yanayotoka jimboni, kwa hiyo miezi, asilimia na ada hutofautiana hata kati ya miji miwili inayopakana. Tarakimu zilizomo humu zinaonyesha hali ilivyo kwa kawaida. Tarakimu itakayokufunga ni ile iliyo kwenye sheria ndogo za mji wako.

"Matumizi yasiyolingana" maana yake nini?

Ni shughuli iliyoanza kihalali, kisha sheria ikabadilika chini ya miguu yake. Tuseme gereji ilifunguliwa mtaani wakati hakuna kilichoikataza. Miaka ikapita, halmashauri ikautenga mtaa mzima kuwa wa makazi tu. Gereji haikuhama wala haikubadilika, ila sasa haimo kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Kwa kuwa ilitangulia, inaachwa iendelee, lakini kwa masharti ambayo majirani wake hawana.

Basi nimevunja sheria?

Hapana, mradi mwanzo wako ulikuwa halali. Jambo hili huwachanganya watu kuliko lolote. Nyumba iliyogawanywa kuwa vyumba vitatu vya kupangisha bila kibali, katika kanda iliyoruhusu familia moja tangu siku ya kwanza, haina ulinzi wowote hata kama imekaa hivyo miaka thelathini. Hiyo ni ukiukaji tu, na katika majimbo mengi ukiukaji haugeuki kuwa haki kwa kuzeeka. Yapo majimbo yanayoweka ukomo wa muda wa kushtaki kwa baadhi ya makosa ya ujenzi, lakini kuzuiwa kwa mji kukushtaki ni jambo moja, na kuwa na haki ya kuendeleza shughuli ni jambo jingine.

Swali la kujiuliza ni hili: siku moja kabla ya kanuni mpya kuanza kutumika, shughuli hii ilikuwa ikiendeshwa kweli, na ilikuwa imeruhusiwa? Majibu yote mawili lazima yawe ndiyo. Nia ya kuifungua mwaka unaofuata haihesabiwi.

Jengo na matumizi si kitu kimoja?

Si kimoja, na ofisi ikikuandikia barua hakikisha umejua inazungumzia kipi.

Matumizi ni kile kinachofanyika: biashara, makazi, kiwanda. Jengo linaweza kuwa na matumizi yanayokubalika kabisa, ila likawa refu mno, au limekaribia mpaka kuliko inavyotakiwa, au halina nafasi za kuegesha magari. Mfano mashuhuri ni Equitable Building iliyoko Broadway, New York, iliyokamilika mwaka 1915. Ina ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara, na kivuli chake kilikuwa mojawapo ya hoja zilizotumika kuupatia mji huo kanuni zake za kanda mwaka uliofuata, 1916. Kanuni hizo zisingeliruhusu jengo hilo lijengwe, nalo lingali limesimama.

Usidhani haya ni mambo ya majengo machache ya zamani. Mwaka 2016 gazeti la New York Times lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba takriban asilimia 40 ya majengo ya Manhattan yasingeweza kujengwa upya kama yalivyo chini ya kanuni za wakati huo. Katika mji wa Somerville, Massachusetts, maafisa wa mipango walipopima walikuta nyumba 22 tu za makazi zinazolingana kikamilifu na kanuni zilizokuwepo. Ukifika hapo, tatizo haliko tena kwa nyumba. Liko kwenye kanuni, na Somerville iliandika kanuni mpya zilizopitishwa mwaka 2019.

Na kiwanja tupu kilicho kidogo kuliko kinachotakiwa?

Hiki ni aina ya tatu. Miji mingi huruhusu nyumba moja ijengwe kwenye kiwanja kidogo kilichosajiliwa kabla ya kanuni, ili mwenyewe asibaki na ardhi isiyo na kazi. Mtego uko kwa mwenye viwanja viwili vidogo vilivyopakana: sheria ndogo nyingi huvihesabu kuwa kimoja pale vinapokuwa mikononi mwa mmiliki mmoja. Ndugu wa familia moja huko Wisconsin walipewa na wazazi wao viwanja viwili vya namna hiyo kando ya mto St. Croix, wakataka kuuza kimoja wakakataliwa. Shauri lao, Murr dhidi ya Wisconsin, lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 2017 ikaamua kwamba hawakunyang'anywa mali na hawastahili fidia. Kwa hiyo kabla ya kununua kiwanja kilicho ubavuni mwa kile ulicho nacho, au kuandikisha vyote kwa jina moja wakati wa kugawa urithi, uliza kwanza.

Kwa nini mji haufungi tu kila kisicholingana?

Waliotunga kanuni za mwanzo waliogopa mahakama. Kuwaambia watu wengi kwa siku moja wafunge shughuli halali kungezua kesi ambazo zingeweza kuuangusha mfumo wote kabla haujasimama. Mfumo wenyewe ulithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1926, katika shauri la kijiji cha Euclid, Ohio. Walitarajia pia kwamba vitu hivi vitajifia: paa litaoza, mwenye duka atazeeka, biashara itahamia kwingine.

Havikufa. Duka pekee lililoruhusiwa kubaki katikati ya nyumba elfu moja halina mshindani, na kanuni zilizokusudia kulisukuma nje ndizo zimelipatia soko. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la hesabu katika historia nzima ya kanuni za kanda.

Hata hivyo usitegemee kwamba Katiba itakulinda katika kila hali. Mwaka 1915, katika shauri la Hadacheck, mwenye tanuri la matofali jijini Los Angeles alidai kwamba ardhi yake ilikuwa na thamani ya dola 800,000 kwa kazi ya matofali na dola 60,000 tu kwa kazi nyingine. Alikuwepo kabla mji haujafika pale. Alishindwa. Ulinzi ulio nao leo unatoka zaidi kwenye sheria za jimbo, hukumu za mahakama za jimbo na sheria ndogo za mji, ndiyo maana lazima uzisome.

Nani anatakiwa kuthibitisha?

Wewe. Mji hauna kazi ya kuthibitisha kwamba ulianza vibaya. Wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba ulianza vizuri na hukuacha. Kesi nyingi hushindwa hapa, na si kwa sababu mwenye mali hana haki, bali kwa sababu hana karatasi.

Anza kwa kutafuta tarehe. Tarehe ya kwanza ni ile ambayo kanuni iliyofanya mali yako isilingane ilianza kutumika. Karani wa mji hutunza matoleo ya zamani ya sheria ndogo na ramani zake. Wakati mwingine utakuta kanuni imebadilika mara tatu, na shughuli yako ilikuwa halali katika kipindi kimoja tu, nacho kinatosha. Tarehe ya pili ni ya shughuli yako kuanza, na baada ya hapo unahitaji mnyororo wa miaka usio na pengo kubwa.

Ushahidi wenye nguvu ni ule ulioandikwa na mtu asiyejua kwamba siku moja kutakuwa na mgogoro: vibali vya ujenzi vya zamani, leseni za biashara, kumbukumbu za kodi ya majengo zinazotaja idadi ya makazi ndani ya nyumba, ankara za umeme na maji zenye mita tofauti, mikataba ya pango, marejesho ya kodi ya mapato. Vitabu vya anwani vya miji, ambavyo maktaba nyingi za umma zimevihifadhi, huonyesha nani alifanya nini kwenye jengo lipi, mwaka kwa mwaka. Ramani za Sanborn zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto zinaonyesha majengo ya maelfu ya miji ya Marekani, umbo lake na mara nyingi kazi yake. Picha za angani husaidia sana kwa yadi za vyuma chakavu, machimbo na maegesho.

Hati za kiapo za majirani wazee zinakubalika, ila peke yake ni dhaifu. Jirani husema "duka lilikuwepo siku zote", na bodi ya kanda, inayosikiliza mashauri haya mjini, huuliza siku zote ni tangu lini. Mwombe ataje jambo analoweza kulifunga na mwaka.

Ukishapata hivi, usingoje kushtakiwa. Miji mingi ina utaratibu wa kuomba cheti au barua rasmi inayotambua matumizi yako. Baadhi huweka hata siku ya mwisho ya kujiandikisha. Ukiwa na cheti, mzigo wa kuthibitisha mwanzo wa shughuli unakuondokea wewe na atakayenunua kwako.

Nikiuza, haki inakwenda na mimi?

Haki inabaki na ardhi. Mnunuzi anaingia mahali pako, akiwa na ulinzi uleule na vikwazo vilevile. Kubadilika kwa mmiliki au mpangaji peke yake hakuui chochote.

Kuna pengo moja la kulijua. Kijiji cha Valatie, jimbo la New York, kiliandika kwamba nyumba za kuhamishika zilizokuwa nje ya maeneo yake maalumu zingeondolewa pale umiliki utakapobadilika. Mwaka 1994 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikubali kwamba kanuni hiyo si batili kwa maandishi yake. Mnunuzi mwangalifu husoma kama kuna kifungu kama hicho, na hudai cheti kabla ya kulipa.

Naweza kupanua biashara?

Kwa kawaida hapana. Kukua kwa wateja katika eneo lilelile mara nyingi huvumiliwa: gereji iliyokuwa ikitengeneza magari matano kwa siku ikifika kumi bado ni gereji. Kuongeza jengo, kuhamia kiwanja cha pili, au kugeuza duka la mboga kuwa baa ya usiku ni mambo mengine. Mahakama hutazama kama hali ya shughuli imebadilika au imeongezeka tu, na mpaka wenyewe una ukungu.

Pennsylvania imekwenda njia yake. Huko mahakama zimetambua kwa muda mrefu haki ya biashara ya namna hii kukua kiasili, kwa kiasi, ili isife kwa kubanwa.

Machimbo pia yana kanuni yake, kwa sababu machimbo hayawezi kufanya kazi bila kula ardhi mpya. Mahakama ya Juu ya California ilieleza hili mwaka 1996 katika shauri la Hansen Brothers: mchimbaji anaweza kusogea ndani ya eneo alilokusudia kulichimba tangu kanuni ilipomkuta, ikiwa nia hiyo ilionekana kwa vitendo. Kusogea hivyo ni kama kujaza kuni tanuri lile lile, si kujenga tanuri la pili.

Kwa jengo, mambo ni mepesi kidogo. Ikiwa tatizo ni ukuta wa kushoto ulio karibu na mpaka, miji mingi itakuruhusu kuongeza chumba upande wa kulia mahali penye nafasi. Kuongeza ghorofa juu ya ukuta ule ule wenye kasoro ndiko kunakobishaniwa: mji mmoja husema hujasogea hata hatua, mwingine husema umeongeza ukubwa wa kasoro. Uliza kabla ya kumlipa mchoraji.

Naweza kubadilisha matumizi yasiyolingana kuwa mengine yasiyolingana?

Baadhi ya miji huruhusu, kwa kibali maalumu, kama matumizi mapya yana usumbufu mdogo kuliko ya zamani. Ukishabadilisha kuwa kinachoruhusiwa na kanda, mlango umefungwa. Huwezi kurudi nyuma.

Matengenezo je?

Kupaka rangi, kubadilisha madirisha, paa, mabomba na nyaya: ruhusa, kwa vibali vya kawaida. Kazi zinazogusa nguzo na kuta zinazobeba jengo huwekewa kikomo katika miji mingi, mara nyingi kama asilimia ya thamani ya jengo ndani ya kipindi fulani. Agizo la usalama kutoka kwa mkaguzi kwa kawaida hutekelezwa bila kuhesabiwa dhidi yako. Jihadhari na fundi anayeanza na ukuta mmoja na kumaliza na nyumba nzima. Mahakama zimewahi kuamua kwamba jengo lililobaki na ukuta mmoja limebomolewa, halikutengenezwa.

Nikifunga kwa muda, nini kinatokea?

Hapa ndipo haki nyingi hupotea kimyakimya. Sheria ndogo huweka muda: miezi sita, mwaka mmoja, na kwingine miaka miwili. Ukizidi, haki imekwisha.

Utata uko kwenye nia. Majimbo fulani husema muda peke yake hautoshi. Lazima ionekane ulikusudia kuiacha shughuli. Mengine hufuata maneno ya sheria ndogo: ikiandikwa "kusimama" badala ya "kutelekeza", siku zinahesabiwa tu, upende usipende. Kama uko katika jimbo la aina ya pili, ugonjwa au mpangaji aliyeondoka usiku havikusaidii sana.

Kwa aliye katika jimbo la nia, vitendo ndivyo vinavyosema. Leseni iliyohuishwa, mashine zilizobaki mahali pake, tangazo la kutafuta mpangaji wa shughuli ileile, umeme usiokatwa: vyote vinaonyesha hukuacha. Kuuza mashine na kuomba kupunguziwa kodi kwa sababu jengo ni tupu kunaonyesha kinyume. Na mwenye nyumba anayepangisha ajue kwamba ni mpangaji anayebeba haki yake kila siku. Mpangaji akigeuza duka kuwa ghala kwa miaka miwili, hasara ni ya mwenye nyumba.

Moto au kimbunga kikiliangusha jengo?

Kanuni iliyoenea zaidi ni ya asilimia 50: uharibifu ukizidi nusu ya thamani, kitakachojengwa lazima kifuate kanuni mpya. Miji mingine huweka asilimia 60 au 75, na mingine huziachia nyumba za kuishi zijengwe upya kama zilivyokuwa bila kujali ukubwa wa hasara.

Nusu ya thamani ipi? Gharama ya kujenga upya, bei ya soko, au thamani iliyoandikwa kwa ajili ya kodi? Tofauti ni kubwa. Ukarabati wa dola 150,000 ni nusu tu ya gharama ya kujenga upya ya dola 300,000, lakini unazidi thamani nzima ya kodi ya dola 120,000. Soma maneno ya kifungu, kisha tafuta mthamini wako mwenyewe kabla ya wa mji kuandika tarakimu yake. Zingatia pia muda wa kuomba kibali cha kujenga upya, ambao katika miji mingi huanza kuhesabiwa siku ya ajali wakati wewe bado unabishana na bima.

Tukiwa kwenye bima: bima ya kawaida hulipia kurudisha kilichokuwepo. Gharama za ziada za kufuata kanuni mpya, au hasara ya kukatazwa kujenga kilekile, mara nyingi huhitaji nyongeza maalumu kwenye mkataba. Benki nazo hujua hili, na nyingi hazitoi mkopo kwa mali isiyolingana bila barua ya mji inayosema kama inaweza kujengwa upya ikiungua.

Mji unaweza kunipa miaka michache kisha kunilazimisha kufunga?

Katika majimbo mengi, ndiyo, ikiwa muda unatosha kwako kurudisha mtaji ulioweka. Los Angeles iliwapa miaka mitano wenye biashara katika kanda za makazi. Mwenye biashara ya vifaa vya mabomba aliyeiendesha kutoka makazini alipinga, na mwaka 1954 mahakama ya rufaa ya California ikaupa mji ushindi katika shauri la Gage. Pennsylvania ilikataa njia hiyo kabisa mwaka 1991, katika kesi ya duka la vitu vya watu wazima lililopewa siku 90. Texas ilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka mwenye mali apewe taarifa mapema, na akilazimishwa kuacha achague kati ya kulipwa fidia na kuendelea mpaka arudishe gharama zake. Kwa mabango ya matangazo kando ya barabara kuu za shirikisho, sheria ya 1965 na marekebisho yake inataka fidia.

Jambo linaloamua kesi hizi ni hesabu: ulitumia kiasi gani, mkataba wa pango umebakiza muda gani, kuhama kutagharimu nini. Mahakama huukubali muda mfupi kwa bango la mbao, si kwa kiwanda.

Ikiwa shughuli yako ni kero kweli, yaani moshi, sumu au hatari, ulinzi huu hausaidii. Mji unaweza kuizuia kwa njia nyingine.

Nilikuwa nimeanza kujenga kanuni zilipobadilika. Nimo au simo?

Katika majimbo mengi unahitaji kibali halali na gharama kubwa zilizotumika kwa nia njema kabla ya mabadiliko. Shimo la msingi husaidia, mchoro peke yake hausaidii. Jimbo la Washington ni karimu zaidi: ombi kamili la kibali cha ujenzi likishawasilishwa, linapimwa kwa kanuni za siku hiyo.

Je, niombe nafuu ya masharti badala yake?

Ukiikosa haki ya kutangulia, unaweza kuiomba bodi ikupunguzie masharti kwa sababu ya ugumu wa kiwanja chenyewe, au kuiomba halmashauri ibadilishe kanda. Ya kwanza hufaa kwa umbali wa mpaka na urefu, na ni ngumu sana kwa matumizi; majimbo kadhaa hayairuhusu kabisa kwa matumizi. Ya pili ni siasa, na itakubidi uwajue majirani zako.

Nimepokea notisi ya ukiukaji. Nina muda gani?

Mchache. Rufaa kwa bodi ya kanda mara nyingi lazima ifikishwe ndani ya siku 30 au pungufu, na ukichelewa unaweza kufungiwa hata hoja nzuri. Barua ya kumweleza afisa kwa upole kwamba duka lina miaka 60 si rufaa. Jaza fomu, lipa ada, pata muhuri wa tarehe. Katika majimbo yaliyofuata kielelezo cha sheria cha Wizara ya Biashara cha miaka ya 1920, rufaa husimamisha utekelezaji mpaka bodi isikilize, isipokuwa afisa athibitishe kwa maandishi kwamba kuna hatari ya karibu kwa maisha au mali. Muda huo wa kusubiri ndio wa kwenda kwa karani wa mji na maktaba kutafuta karatasi.